Wale Wale Wapitao Mbele Yetu



Mwezi wa Oktoba ni mwezi wa jua kali katika mkoa wetu wa Mara. Mvua za vuli bado hazijashika, majani ya mbugani yamekuwa rangi moja na udongo, na mawe makubwa ya Musoma, yakisha kushika moto asubuhi, hayapoi mpaka usiku umekomaa. Ndio mwezi huo huo ambao baiskeli hutujia kwa wingi. Katika miaka ya hivi karibuni wamekuwapo wapanda baiskeli waanzao safari Dar es Salaam, wakaikata nchi yetu katikati kwa siku nyingi, wakipanda miti na kuzisaidia shule njiani, ili tarehe 14 Oktoba, siku ya kumkumbuka Mwalimu Julius Nyerere, wawe wamefika Butiama alikozikwa. Tena katika nchi hizi zote za kandokando ya Ziwa, toka Mwanza na Shinyanga hadi kwetu, mashindano ya baiskeli ni mchezo upendwao sana. Vijana wengine huja na baiskeli nyembamba za mashindano. Wengine huja na ile ile ya kazi ya kila siku, wameifungua keria tu ili iwe nyepesi.

Huenda msomaji akauliza mambo haya yana kazi gani katika ukurasa huu. Jibu si gumu. Kanisa halikupata kuwaonea haya wapanda baiskeli. Mwaka 1949 Baba Mtakatifu Pius XII alimtangaza Bikira Maria wa Ghisallo, mwenye kikanisa kidogo juu ya kilima huko Italia, kuwa msimamizi wa wapanda baiskeli. Na tarehe 1 Juni 2025 Papa Leo XIV aliwapokea ndani ya Vatikano washindani wa mbio kuu za Italia, wakapita mbele yake pamoja na baiskeli zao. Hata Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho barua yake ya kwanza, hakuona aibu kuchukua mfano katika mashindano. Watu wale walimwelewa upesi, maana michezo ya Isthmia ilifanyika karibu na mji wao kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani ya msonobari, majani ambayo baada ya siku chache hukauka kama majani mengine.

Mfano huo twausikia mara nyingi, nao mapadre wetu hawachoki kutueleza: ya kwamba mshindani hujinyima na kuutiisha mwili wake kwa ajili ya taji lenye kuharibika, sembuse sisi tutazamiao lisiloharibika. Ni kweli tupu. Lakini leo twawaacha walio juu ya baiskeli, wana kazi ya kutosha. Twataka kusema na wale wasimamao kando ya njia, yaani sisi tulio wengi.

Yafaa kwanza tupambanue mbio za namna mbili. Ziko zile za barabara ndefu, kama mtu atoke Bunda hadi Musoma. Hizo mtazamaji huzingoja saa mbili chini ya mwembe, kisha zikapita kama upepo wa ghafula. Akigeuka kumwuliza jirani yake ni nani aliyetangulia, wamekwisha kutoweka. Ziko tena mbio za mzunguko, zifanywazo katikati ya mji. Barabara chache hufungwa kwa kamba, njia yake yapata kilomita moja au mbili, na washindani huizunguka mara thelathini au zaidi. Hapo mambo huwa mengine kabisa. Mtu akisimama penye kona moja tu, wale wale humpitia tena na tena. Mara ya kwanza awaona kundi zima, rangi tupu na kelele za minyororo. Mara ya tano amekwisha kuwajua: yule mwenye fulana ya kijani, yule mrefu ainamishaye kichwa, yule kijana wa nyuma ambaye nafasi yake na wenzake yazidi kupanuka. Mara ya ishirini aona nyuso zao, midomo imekauka, chumvi ya jasho imechora mistari mashavuni.

Wengi wa vijana hao twawaita wachezaji wa ridhaa. Ni neno zuri, na lugha yetu imetutendea wema kwa kutupatia. Ridhaa ni kukubali kwa moyo bila kushurutishwa. Hawa hawana mshahara wa mchezo. Zawadi ikiwapo, aghalabu haitoshi hata kununua tairi mbili. Wameacha genge, shamba au nyavu kwa siku moja, wakaja kuumia kwa hiari yao.

Wala tusidhani kwamba kila mmoja huumia peke yake. Apandaye mbele hupasua upepo, na amfuataye karibu sana hupunguziwa sehemu kubwa ya kazi, robo nzima au zaidi wanapokwenda mbio sana. Kwa hiyo hata wanaoshindana hupokezana zamu ya kukaa mbele. Asiyetaka kushika zamu yake hujulikana upesi, nao humkasirikia.

Sasa tuje kwenye jua lenyewe. Mpanda baiskeli katika joto kali aweza kutoka jasho lita moja na zaidi kwa saa moja. Jasho hilo ndilo limpozalo. Maji yakimwishia mwilini, jasho hupungua na damu huzidi kupata joto. Mwili ukipita nyuzi 40 za joto akili huanza kuchanganyika: mtu ayumba, ajibu maneno yasiyo na maana, pengine ngozi yake yaonekana kavu na yenye moto. Huyo si wa kuambiwa jikaze. Huyo ni wa kuteremshwa, kulazwa kivulini, kufunguliwa nguo, kumwagiwa maji na kupepewa bila kukoma, huku mwingine akikimbilia msaada wa daktari. Na kama amezimia asinyweshwe kitu, yasije maji yakampalia.

Twayasema haya waziwazi kwa sababu watazamaji wana sehemu yao katika uhai wa mshindani. Tarehe 13 Julai 1967 Mwingereza Tom Simpson, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1965, alianguka akipanda mlima Ventoux huko Ufaransa katika joto la kutisha. Alikuwa ametumia dawa za kuuchochea mwili, na pombe pia. Yeye mwenyewe alitaka kurudishwa juu ya baiskeli, nao waliokuwapo wakamrudisha. Akaenda mbele kidogo, akaanguka tena, asiinuke. Hatusemi waliomwinua walikuwa watu wabaya. Walimpenda, wakataka apate alichokitaka. Ndiyo maana habari hii yatutia hofu. Katika kelele za uwanjani mtu aweza kumsukuma ndugu yake kaburini huku akimpigia makofi.

Na hapa tuna neno kwa waandaaji, na jingine kwa watu wetu wa kanisa. Mara nyingi mashindano hupangwa siku ya Dominika. Wakristu hulalamika kwamba vijana wanakosa Misa, na walalamikapo wana haki. Basi waandaaji, ili kuturidhisha, huahirisha mwanzo hadi Misa ziishe, na vijana huanza kuzunguka karibu na saa sita mchana, wakati jua limesimama utosini. Sisi twaona kwamba suluhu hiyo ni mbaya kuliko kosa lenyewe. Misa Takatifu isifanywe sababu ya kuwatoa vijana juani. Jumamosi iko, saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi iko, upepo wa Ziwa ungali baridi. Wakutane wakubwa wa parokia na wakubwa wa michezo wakubaliane, jambo hili halihitaji baraza la siku tatu.

Turudi penye kona yetu. Kwa desturi mbio fupi za mzunguko hazina ugawaji wa maji, lakini siku ya joto waamuzi wenye busara huruhusu, tena huonyesha mahali pake ili chupa isianguke chini ya magurudumu. Tumtazame basi mtu aliyesimama hapo na chupa mkononi. Mzunguko wa kwanza anaona haya, adhani watamcheka. Wa pili ananyosha mkono akiwa amechelewa. Wa tatu ampa yule anayeongoza, kwa kuwa ndiye apendwaye na wote. Lakini kwa kuwa mbio ni za mzunguko, hajapotewa na kitu. Wale wale warudi tena. Aweza kujirekebisha. Mzunguko wa nane, pengine, amwona yule kijana wa nyuma ambaye hakuna amshangiliaye, naye ampa yeye.

Katika Injili ya Luka twasoma habari za mtu aliyepigwa na wanyang'anyi kwenye njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Kuhani alipita, Mlawi alipita, kila mmoja mara moja tu, na Injili haisemi kama walirudi njia ile. Huruma ya Mungu kwetu ni kubwa zaidi ya hapo. Watu walio katika shida hawatupiti mara moja tu, kisha basi. Hutuzungukia. Tuliyemnyima jana twamwona tena leo, na kesho atakuwa penye kona ile ile.

Kwa maana Jumatatu yaja. Kamba zimefunguliwa, karatasi zimefagiwa, barabara ni ile ile na jua halikubadilika. Anakuja mtu juu ya baiskeli. Hana namba mgongoni. Nyuma yake amefunga magunia mawili ya mkaa yaliyo marefu kuliko yeye, na kila kilima hushuka akasukuma kwa kifua. Au ni mchuuzi atokaye mwaloni na tenga la samaki, awahi soko kabla hawajaharibika. Au ni binti wa sekondari ambaye shule yake iko mbali na kwao. Au ni baba aliyempakia mkewe mjamzito, anampeleka zahanati polepole, akikwepa kila shimo.

Ni nani ampigiaye makofi huyo? Gari lampigia honi, si kwa kumshangilia, bali aondoke. Basi la abiria lampita karibu hata upepo wake wamyumbisha, naye huingia katika changarawe za pembeni na mzigo wake wote. Abiria ndani hucheka; wengine husema ni ushamba kupanda baiskeli katika barabara kuu. Na katika basi hilo hilo twaweza kukuta rozari ikining'inia mbele ya dereva. Jumamosi tulikuwa tayari kumwagia maji mpanda baiskeli; Jumatatu twamtupa mtaroni. Kiu ni ile ile. Pengine hata mtu ni yule yule, ameirudisha keria mahali pake.

Hapa ndipo ushangiliaji wetu unapopimwa. Kama ile chupa ya maji tulimpa kwa sababu alikuwa akitupendeza macho, basi hatukumpa mtu, tuliupa mchezo. Bwana wetu aliahidi kwamba hata kikombe kimoja cha maji baridi hakitakosa thawabu, lakini alikuwa akisema juu ya wadogo, wale wasio na washangiliaji. Tena Yeye mwenyewe alijua kuchoka kwa njia. Mwinjili Yohane atueleza kwamba aliketi karibu na kisima huko Samaria, amechoka na safari, nayo ilikuwa yapata saa sita. Akamwomba maji mwanamke wa taifa ambalo Wayahudi hawakulishirikiana nalo. Mungu aliyefanya maziwa yote, pamoja na hili letu la Nyanza, aliketi juani akiomba maji kwa mtu asiyemjua.

Sisi wa Mara tuna sababu moja zaidi ya kuliangalia jambo hili. Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, ambaye jimbo letu la Musoma lilianza kazi ya kuchunguza utakatifu wake mwaka 2005, alikuwa mtu wa kutembea. Mwaka 1934 alipelekwa shule ya Mwisenge hapa Musoma, yapata kilomita 40 na zaidi kutoka kwao Butiama, na kwa mtoto wa wakati ule njia hiyo ilikuwa ya miguu. Akiwa Rais, mwezi wa Oktoba 1967, alitoka Butiama akaenda Mwanza kwa miguu, maili zipatazo 138, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Wako watu waliobishana naye juu ya siasa yake, na waendelee kubishana. Lakini miguu yake haibishaniwi. Alipita njiani kwa mwendo ambao mtu aweza kuona uso wa mwenzake, na mwenzake akauona wake. Wapanda baiskeli wanaokuja kumheshimu hufanya jambo karibu na hilo. Sisi tunaowapokea kwa ngoma, kisha tukarudi nyumbani kwa gari tukimpigia honi mwenye mkaa, sijui tumemheshimu nani.

Asiyeamini kwamba baiskeli yaweza kubeba zaidi ya ionekanayo, na amfikiri Gino Bartali. Alikuwa Mkatoliki wa Italia, mshindi wa mbio za Ufaransa mwaka 1938, na tena mwaka 1948. Wakati wa vita, Wajerumani walipoikalia Italia, aliendelea kupanda barabara za kwao kana kwamba yu mazoezini, na askari walimjua na kumpisha. Ndani ya mabomba ya baiskeli yake mlikuwa na karatasi za siri za kuwaokoa Wayahudi waliokuwa wakiwindwa, kazi aliyopewa na Kardinali Elia Dalla Costa wa Firenze. Alikufa mwaka 2000 bila kuitangaza sana habari hiyo, na mwaka 2013 Yad Vashem ya Yerusalemu ikamhesabu kati ya Wenye Haki wa Mataifa. Dunia ilimpigia makofi kwa ushindi wa vilimani. Zile safari nyingine, ambazo hatari yake ilikuwa kifo, hazikuwa na mtazamaji hata mmoja aliyejua anatazama nini. Nasi tumwonapo mtu wa kawaida barabarani hatujui amebeba nini: ada ya mtoto, dawa ya mama yake, au deni.

Katika mbio za mzunguko hupigwa kengele mzunguko wa mwisho uanzapo. Wenye nguvu huitegemea kengele hiyo, nao watazamaji husogea karibu na kamba, kwa kuwa wajua hawatawaona tena. Katika maisha yetu mwenye kuishika kengele ni Mungu, naye haipigi kwa masikio yetu. Wale watakaosimama upande wa kushoto siku ile, kadiri ya Injili ya Mathayo, watauliza kwa mshangao ni lini walimwona Bwana ana kiu. Hawatakuwa wakidanganya. Walimwona mara nyingi mno hata wakamzoea.

Tumalize kwa jambo la mikono. Wapanda baiskeli waendao Butiama kwa barabara ya Mwanza hupita Bunda, kisha hufika Makutano na kuiacha barabara kuu. Parokia na vigango vilivyo kandokando ya njia hiyo vina miti yenye kivuli, vina WAWATA, vina watoto wa Utoto Mtakatifu. Twaomba kila kigango kiweke mtungi mmoja chini ya mti, wenye kifuniko kizuri na maji yaliyochemshwa. Na kwa kuwa kipindupindu kimepata kuusumbua mkoa wetu, pasiwepo kikombe cha kunywewa na wote, bali kata ya mpini mrefu ya kummiminia mtu katika chupa yake mwenyewe. Jumuiya ndogo ndogo zigawane siku za kuujaza. Madereva Wakatoliki nao, tunawajua kwa majina, wampitapo mwenye baiskeli wamwachie mita moja na nusu, na honi waiache.

Mtungi huo uwekwe mapema, kabla ya tarehe 14, ili wageni waukute. Msafara ukisha kupita, na ngoma zikisha kunyamaza Butiama, asiwepo mtu wa kuurudisha mtungi nyumbani. Jumatatu asubuhi mwenye mkaa atapita hapo tangu mapambazuko, na jioni atarudi.